Kufuatilia bahari ya pwani kwa vihisi na mitambo inayojiendesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtandao wa vihisi vya baharini unaundwa na nini hasa?

Kuna vihisi vyenyewe vilivyo majini, kidhibiti kidogo kinachoviwasha na kuhifadhi vipimo, betri na paneli ya sola, redio ya kutuma, na seva inayopokea na kukagua. Vyote hivyo vinanunulika. Kinachoamua kama mradi utadumu ni ratiba ya kwenda kusafisha na kulinganisha vipimo. Viumbe wa baharini huanza kuota juu ya kifaa tangu siku ya kwanza, na kihisi kilichofunikwa hakinyamazi: kinaendelea kutuma namba zinazoonekana za kawaida kabisa. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye tatizo hilo.

Nianze kupima nini?

Joto, chumvi na kina. Vitatu hivi vinakuambia ni maji gani yamefika mahali pako: ya mto, ya bahari kuu, au yaliyopanda kutoka chini. Bila hivyo, vipimo vingine havisomeki. Oksijeni ikishuka ghafla, huwezi kujua kama imeliwa na vijidudu au kama maji mengine tu yameingia, mpaka utazame joto na chumvi vya saa ileile.

Cha nne kiwe oksijeni iliyoyeyuka, hasa palipo na ufugaji wa samaki au mto unaoleta mbolea. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi huhama na viumbe wasioweza kuhama hufa. Chagua kihisi cha mwanga badala ya kile cha zamani chenye kiwambo na elektrodi, kwa sababu cha elektrodi kinatumia oksijeni chenyewe na husoma chini kama maji yaliyokizunguka yametulia.

Klorofili (rangi ya kijani ya mwani) na kiasi cha tope vifuate. Kwa klorofili kumbuka kuwa kihisi hupima mng'ao wa mwani, na mwani mdogo ulio kwenye jua kali hupunguza mng'ao wake, hivyo kipimo cha saa sita mchana kinaweza kuonekana kidogo ingawa mwani haujapungua. Linganisha usiku na usiku.

pH iache mwisho. Elektrodi za kioo hupotoka zenyewe wiki hadi wiki, na vimiminika vya kawaida vya kusawazishia vimetengenezwa kwa maji baridi, si kwa maji yenye chumvi ya bahari. Mabadiliko ya asidi ya bahari yanayotafutwa kwa miaka ni madogo kuliko upotokaji huo. Kama lengo ni kuona tu mzunguko wa usiku na mchana kwenye nyasi za baharini, elektrodi inatosha. Kwa utafiti wa miaka mingi haitoshi.

Chumvi inapimwaje, na kwa nini namba zangu hazifanani na za jirani?

Chumvi haipimwi moja kwa moja. Kihisi kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha programu inakokotoa chumvi kwa kutumia joto na shinikizo. Maji ya bahari yenye chumvi 35 (takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji) kwenye nyuzi joto 15 za Selsiasi yana upitishaji wa milisimensi 42.914 kwa sentimita, na upitishaji huo hubadilika kwa zaidi ya asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Kosa la nyuzi 0.1 kwenye kipimajoto huzaa kosa la takriban 0.08 kwenye chumvi. Kipimajoto maarufu cha DS18B20 kina ukingo wa nyuzi 0.5, kwa hiyo ukikitumia kukokotoa chumvi bila kukisawazisha unaweza kukosea kwa karibu 0.4. Tena kipimajoto kiwe pembeni kabisa ya seli ya upitishaji. Kikiwa ndani ya kasha kinachelewa, na kila maji yanapobadilika utaona miba ya chumvi ambayo haikuwepo baharini.

Vihisi vya bei nafuu vinafaa?

Baadhi. Vya joto vinafaa vikikaguliwa kwenye mchanganyiko wa barafu iliyosagwa na maji safi, ambao hukaa kwenye nyuzi 0. Vya shinikizo vinafaa kwa kina kidogo. Vya upitishaji vyenye pini mbili tu, vilivyotengenezwa kwa maji ya kunywa, havifai: pini hizo hujijengea chaji juu yake kwenye maji yenye chumvi nyingi na kipimo hufika ukomo mapema. Tafuta vyenye elektrodi nne, au vya koili vinavyopima bila chuma kugusa maji. Vipima tope vya mashine za kufulia navyo huchanganya mwanga wa jua na mwanga wao wenyewe.

Kihisi nikiweke kina gani?

Kwenye nguzo ya gati, kiweke chini ya usawa wa maji ya bamvua yanapokupwa kabisa, kisha ongeza nusu mita kwa ajili ya mawimbi. Watu wengi hufunga siku ya maji mafu, na wiki moja baadaye kihisi kinapima hewa.

Kwenye boya, weka kimoja mita 1 chini ya uso na, kama uwezo upo, kingine mita 1 juu ya sakafu. Mvua kubwa ikileta maji ya mto, maji hayo mepesi hutandaza juu na kufunika ya chini yasipate hewa. Boya lenye kihisi cha juu peke yake litaonyesha bahari nzuri wakati chini mambo yameharibika.

Nipime kila baada ya muda gani?

Dakika 10 zinatosha kwa joto, chumvi na oksijeni. Ila usichukue kipimo kimoja tu cha papo hapo. Mawimbi ya sekunde 5 hadi 15 hupandisha na kushusha shinikizo, na kipimo kimoja kinaweza kuangukia kileleni au bondeni. Pima kila sekunde kwa dakika 2, hifadhi wastani, na hifadhi pia kiwango cha kutawanyika kwa vipimo hivyo. Namba hiyo ya pili ni ya thamani kuliko watu wanavyodhani: kihisi kinapoanza kuota uchafu au waya kulegea, mara nyingi ndiyo inayobadilika kwanza.

Kwa kujaa na kupwa, kumbuka kuwa kihisi cha shinikizo kilichofungwa kabisa kinapima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Hektopaskali 1 ya hewa ni sawa na takriban sentimita 1 ya maji. Weka kipimahewa kwenye boya au gati na utoe tofauti, la sivyo utaripoti bahari imepanda sentimita 15 kumbe ni hali ya hewa tu.

Saa zote ziwe UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa. Saa nzuri ya kielektroniki yenye upotokaji wa sehemu 2 katika milioni hupotea kama dakika 1 kwa mwaka, kwa hiyo irekebishe kwa GPS mara moja kwa siku.

Kwa nini kihisi kisitume kwa redio kikiwa chini ya maji?

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa hiyo humeza mawimbi ya redio. Kwa masafa ya Wi-Fi au Bluetooth, ishara hufa ndani ya sentimita chache. Kuna njia mbili: waya mpaka juu, au modemu ya sauti. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, lakini modemu hizo hutuma data kidogo na husumbuliwa na mwangwi kwenye maji ya kina kifupi. Pwani, waya ni bora.

Nitumie LoRaWAN, mtandao wa simu au setilaiti?

Mtandao wa simu ukifika, utumie. Una nafasi kubwa ya data. LoRaWAN, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, inafaa ukiwa na maboya mengi ndani ya ghuba moja na mlingoti wako mwenyewe ufukweni. Setilaiti ni ya mahali pasipofikiwa na vyote viwili.

Umbali wa redio juu ya bahari unaamuliwa na mviringo wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12; unapata kilomita za upeo wa redio. Antena ya boya ikiwa mita 1 na mlingoti mita 16, ni 4.12 mara 5, yaani kilomita 20 na kidogo. Hicho ni kikomo cha juu. Mawimbi huificha antena fupi, na uso wa bahari hurudisha ishara inayogongana na ile ya moja kwa moja, hivyo panga kwa nusu ya umbali huo. Kuinua mlingoti husaidia kuliko kuongeza nguvu ya redio.

Ujumbe mmoja uwe na ukubwa gani?

Mdogo kadiri iwezekanavyo. Usitume maandishi. Joto la 27.431 likizidishwa kwa 1,000 na kutumwa kama namba kamili linaingia kwenye baiti 2 (27,431). Muda baiti 4, joto, upitishaji, shinikizo, oksijeni na tope baiti 2 kila kimoja, betri 1, hali ya kifaa 1: jumla baiti 16.

Tofauti inaonekana hewani. Baiti hizo 16 kwenye LoRaWAN ya kasi ndogo kabisa huchukua takriban sekunde 1.6. Kwenye SF7, mpangilio wake wa kasi kubwa, huchukua chini ya sekunde 0.1. Palipo na sheria ya kutumia hewa asilimia 1 tu ya muda, ujumbe wa sekunde 1.6 unakulazimisha kukaa kimya kwa karibu dakika 3. Modemu ndogo za ujumbe mfupi za Iridium, mtandao wa setilaiti, hupokea baiti 340 kwa safari moja, kwa hiyo huko ni bora kukusanya vipimo ishirini na kuvituma pamoja.

Kila ujumbe uwe na namba ya mfuatano. Kidhibiti kihifadhi kila kitu ndani kabla ya kutuma, na kifute pale tu seva inapothibitisha.

Betri na paneli nihesabu vipi?

Tuseme vihisi na brashi ya kuvisafisha vinakula miliampea 200 kwa volti 12, vikiwaka dakika 2 katika kila 10. Wastani ni miliampea 40. Ongeza 10 za kidhibiti, GPS na redio, na 10 za taa ya usiku: miliampea 60. Kwa siku ni ampea-saa 1.44, yaani wati-saa 17.3.

Betri ihimili siku 10 bila jua: ampea-saa 14.4. Usiishushe chini ya asilimia 20, kwa hiyo nunua ya ampea-saa 18 au zaidi. Paneli, chukua saa 4 za jua kali, kisha gawanya uwezo kwa mbili kwa sababu paneli ya boya imelala vibaya, ina chumvi juu na ndege hutua; zinabaki kama saa 2: 17.3 gawanya kwa 2 ni kama wati 9. Weka 20, ili betri ijae tena baada ya siku za mawingu.

Onyo moja zito. Betri za asidi hutoa haidrojeni zinapochajiwa. Ndani ya boya lililozibwa kabisa gesi hiyo hujikusanya, na cheche ya swichi inaweza kulilipua mikononi mwa fundi. Weka kipumulio kisichoingiza maji, fungua boya mahali pa wazi, na usiiname juu ya mfuniko unapolegeza bolti.

Maji huingia wapi?

Mara chache huingia kwenye kuta za kasha. Huingia kwenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia), kwenye plagi na ndani ya waya wenyewe.

Oringi hutaka usafi. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ipitishe katikati ya vidole ukitafuta mkwaruzo, safisha mfereji wake, paka grisi ya silikoni kidogo tu mpaka ing'ae. Grisi nyingi hukusanya mchanga. Unywele mmoja ukilala juu ya oringi ni mfereji tosha wa maji. Usiitoe kwa bisibisi ya chuma. Bisibisi hukwaruza mfereji, na mkwaruzo huo utavuja hata ukiweka oringi mpya. Kama oringi yenyewe ni ya silikoni, usitumie grisi ya silikoni, kwa kuwa huivimbisha.

Waya wenye nyuzi nyingi za shaba ukikatika ganda popote, maji hutembea kati ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi mpaka ndani ya kasha. Ndiyo maana mahali waya unapoingilia humwagiwa gundi ya epoksi baada ya kuuvua ganda na kuzijaza nyuzi risasi ya kulehemu.

Kasha lenye alama ya IP67 limejaribiwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa bahari hiyo ni kinga ya mvua tu.

Kabla ya kushusha, vuta hewa ndani ya kasha mpaka hektopaskali 700 na uliache usiku kucha, kihisi kidogo cha shinikizo kikiwa ndani. Asubuhi ondoa athari ya joto, ambayo ni kama hektopaskali 2.4 kwa kila nyuzi 1. Kilichobaki kikionyesha kupanda, kuna uvujaji.

Nizuieje uchafu na viumbe kuota juu ya vihisi?

Huwezi kuzuia kabisa. Unaweza kuchelewesha. Kwanza hutanda ute wa bakteria, kisha mwani, kisha wanyama wenye magamba magumu. Ukiuondoa ute, hatua zinazofuata hukawia.

Kwa vihisi vya mwanga, brashi inayofagia kabla ya kila kipimo ndiyo kinga bora. Hakikisha inaegesha mbali na kioo. Ikisimama mbele yake utapata kipimo kilekile siku nzima. Zungusha utepe wa shaba kwenye mwili wa kihisi na utumie kizingio cha shaba chenye matundu makubwa. Shaba isiguse alumini hata kidogo, maana alumini italiwa. Taa za mionzi ya urujuanimno hufanya kazi nzuri lakini hunyonya betri.

Rangi zenye tributilini, sumu yenye bati, zilizokuwa na nguvu kuliko zote, zimepigwa marufuku na mkataba wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008. Zilikuwa zinaharibu konokono na chaza mbali na vyombo vilivyopakwa.

Ndani ya seli ya upitishaji, uchafu hupunguza nafasi ya maji na hivyo kipimo hushuka polepole. Ukiona chumvi inateremka wiki baada ya wiki bila mvua, shuku seli kabla ya kushuku bahari.

Chuma cha pua hakishiki kutu, si ndiyo?

Hushika. Chuma cha pua cha daraja la 316 hujilinda kwa tabaka jembamba linalohitaji oksijeni. Chini ya oringi, ya washa au ya uchafu ulioganda hakuna oksijeni, na kutu huchimba shimo huko usikoona. Tumia titani au plastiki ngumu ya asetali unapoweza, usichanganye metali, na funga kipande cha zinki kilichogusana kwa umeme na chuma unachokilinda. Zinki ikiisha nusu, ibadilishe. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi.

Nanga iwe nzito kiasi gani?

Kwanza jua uzito wake majini. Zege hupoteza kama asilimia 43 ya uzito ikizama, chuma asilimia 13. Zege la kilo 500 ni kama kilo 285 chini ya maji. Minyororo chakavu ya kilo 500 ni kama 435. Mnyororo mzito sakafuni pia humeza mishtuko ya mawimbi.

Sehemu zinazokatika kwanza ni pingu za kuungia na kipande cha mnyororo kinachoburuzika mchangani. Funga pini za pingu kwa waya imara, si kwa vibanio vya plastiki, na weka kiungo kinachozunguka ili kamba isijisokote.

Boya likikatika nitajuaje?

Kwa mzingo wa GPS. Kamba ya mita 45 kwenye kina cha mita 15 huruhusu boya kuzunguka mita 42 kutoka juu ya nanga. Ongeza kosa la GPS na uweke kengele kwenye mita 70, ilie baada ya nafasi tatu mfululizo kuwa nje. Likishatoka, kidhibiti kibadili chenyewe: nafasi kila dakika 10, vihisi vizimwe, umeme wote uende kwenye redio.

Programu itatambuaje data mbovu?

Mwongozo wa QARTOD wa kukagua ubora wa data, wa IOOS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia bahari, ni msingi mzuri, na unatumika popote. Kila kipimo hupewa alama: 1 kimepita, 2 hakijakaguliwa, 3 kinatiliwa shaka, 4 kimeshindwa, 9 hakipo. Majaribio muhimu ni manne: je, namba iko ndani ya uwezo wa kihisi, iko ndani ya kawaida ya mahali na msimu, imeruka ghafla kati ya jirani zake wawili, imekaa ileile bila kutikisika. La mwisho hunasa brashi iliyokwama na waya uliokatika.

Usiruhusu programu kufuta. Iweke alama tu. Tukio kubwa la kweli, kama maji baridi kupanda kwa saa mbili, hufanana sana na kosa, na ukilifuta umepoteza kilekile ulichokuja kukitafuta.

Mitambo inaweza kuamua yenyewe?

Inaweza, na inafaa. Maboya ya tsunami ya DART ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, ni mfano: kifaa kilicho sakafuni hupima shinikizo, hukadiria kipimo kinachofuata kwa vilivyotangulia, na tofauti ikivuka kizingiti hubadili hali na kutuma vipimo vya karibu karibu kwa sauti hadi boya lililo juu, kisha setilaiti. Kwa pwani, kanuni rahisi hutosha: oksijeni ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita, pima kila dakika 2, mvua ikizidi kiasi fulani mtoni, washa kichukua sampuli.

Kengele inayowafikia watu idai ushahidi wa vipimo vitatu mfululizo, na iwe na ngazi ya kuzima iliyo tofauti na ya kuwasha, mfano iwake chini ya 3 na izime juu ya 3.5. Bila pengo hilo italia na kunyamaza usiku mzima, na watu wataacha kuisikiliza.

Ruhusa zinahitajika?

Ndiyo, kutoka mamlaka ya bandari au ya baharini, ambayo pia hutangaza mahali pa boya kwa mabaharia. Kwa mfumo wa IALA, shirika la kimataifa la alama za baharini, boya la kukusanya data ni la njano, na taa yake ni ya njano, inayomweka mara 5 kila sekunde 20. Zungumza na wavuvi kabla ya kushusha nanga. Samaki hukusanyika chini ya boya, hivyo mashua zitakuja. Waonyeshe mahali ambapo hakuna waya, na wapewe vipimo vya joto na mawimbi kwenye simu zao. Boya ambalo data yake inawafaa hupata walinzi.

Ninapokwenda kulitembelea nifanye nini, na kwa mpangilio gani?

Mpangilio ni muhimu kuliko vifaa. Usisafishe kwanza.

Shusha kihisi cha kulinganishia, kilichosawazishwa karibuni, kando ya kile kilichopo na usome vyote viwili kwa dakika 20. Piga picha. Kisha safisha kwa sifongo laini na siki iliyopunguzwa kwa magamba ya chokaa, bila kukwangua kioo. Rudisha, soma tena dakika 20. Tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ni athari ya uchafu. Tofauti inayobaki kati ya kihisi safi na cha kulinganishia ni upotokaji wa kihisi chenyewe. Ukisafisha kabla ya kusoma, namba hizo mbili zimechanganyika na hakuna hesabu itakayozitenganisha tena.

Chukua pia chupa ya maji kwa ajili ya chumvi, na nyingine kwa ajili ya oksijeni kwa njia ya Winkler, kipimo cha kemikali cha maabara, ukiijaza kutoka chini bila viputo. Oksijeni ya kihisi isawazishwe kwa hewa iliyojaa mvuke kwa asilimia 100 na kwa myeyusho wa salfaiti ya sodiamu kwa sifuri. Usisahau kuingiza chumvi: maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 hujaa kwa takriban miligramu 8.3 kwa lita, ya chumvi 35 kwa takriban 6.7. Kidhibiti kilichoachwa kwenye chumvi sifuri kitazidisha oksijeni kwa zaidi ya asilimia 20, siku zote, bila kengele yoyote kulia.

Mwanzoni nenda kila wiki mbili. Ukiona athari ya uchafu ni ndogo, sogeza hadi wiki nne. Msimu wa joto utakurudisha kwenye mbili.

Data iliyopotoka nirekebishe?

Rekebisha, lakini kwenye safu nyingine. Vipimo ghafi visiguswe kamwe. Athari ya uchafu igawanywe kidogo kidogo tangu ziara iliyopita hadi hii, ikionyesha tarehe, kiasi na jina la aliyefanya, na usomaji wa kabla na baada ya kusafisha uhifadhiwe pamoja na data hiyo.